Farasi wa Vita

Tusome Mezali 21:31.

Mwaka 1916 Jenerali van Deventer na maofisa wake wa Afrika Kusini walifika Kondoa Irangi na farasi. Farasi wale walizoezwa wasiogope bunduki. Lakini mbung'o, mdudu mdogo, na magonjwa waliwamaliza kwa maelfu. Mwezi wa 9 jeshi la Kongo liliingia Tabora, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya wapagazi, babu zetu. Wengi hawakurudi.

Na sisi hapa Tenke, tunategemea malori na mashini za mgodi? Kijana anayebeba mfuko wa mawe mgongoni tunampita bila salamu. Tutubu. Bwana anamjua kwa jina lake. Amina.