Kufuli la Dakika Tatu

Kufuli la baiskeli lina sauti yake ndogo likifungwa: ka! Lifunge sokoni Bukoba mjini, nani ataisikia? Lifunge uani kwa bibi yako hapa Nshambya, ataisikia hata kama masikio yameshachoka. Mimi nilisikiwa. Bibi aliendelea kumenya ndizi, hakuinua hata macho. "Mjukuu wangu," akasema, "na hapa kwangu kuna wezi?"

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, haya unayosoma ni majaribio ya kumjibu.

Nianze na chombo chenyewe. Ni Phoenix nyeusi ya Kichina, nimeirithi kwa mzee. Mnazijua: fremu ndefu, keria ya kubeba mkungu mzima, uzito kama kilo 20. Juu ya gurudumu la nyuma kuna kufuli la duara. Unalisukuma kwa kidole, chuma kinapita katikati ya spoku, unachomoa ufunguo, kwisha. Fundi wangu analicheka sana. Anasema hilo si kufuli, ni hirizi, maana mtu mwenye bega lake anaibeba baiskeli nzima akalivunjie mbele ya safari. Yeye anataka mnyororo na kufuli la geti. Kwa baiskeli inayolala nje, namwunga mkono. Lakini mimi, bwana, nasimama dakika tatu! Vocha, chumvi, kumwachia mtu ujumbe. Nani atafungua na kufunga mnyororo wa mita nzima kwa ajili ya paketi ya chumvi? Unauviringisha kwenye keria kama pambo, na baiskeli inabaki wazi.

Ndivyo ilivyokuwa jioni ile ya masika, mwaka 2019. Mnyororo uko kwenye keria, baiskeli imeegemea nguzo ya duka, mimi niko dirishani nahesabu chenji. Hata lile kufuli la duara sikuligusa, kwa kuwa fundi alishaniambia ni hirizi. Nageuka: jamaa ameshapanda, anateremka mlima. Nikapiga kelele. Neno moja tu, na nyote mnalijua.

Neno hilo kwetu halina subira. Ukishalitamka hakuna anayerudi kukuuliza una hakika gani. Watu walichomoka vibandani, saluni, kwenye pikipiki zao; watu wema, ambao asubuhi tulisalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Walimwangusha kabla hajafika kona. Nilipofika nikamkuta kijana wa miaka kumi na sita hivi, anasema kitu, lakini midomo imejaa damu. Aliyekuwa karibu naye aliniambia baadaye kwamba eti alikuwa anaazima tu, mama yake yuko hoi. Mwingine akadakia, wote husema hivyo. Sijui. Niliulizia siku nyingi na bado sijui.

Mimi nilisema, "Basi, inatosha." Nilisema kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza. Aliyewazuia kweli alikuwa mama mmoja muuza dagaa, aliyejitupa katikati na beseni lake, dagaa zikamwagika zote barabarani. Kijana alipona. Mkono ulivunjika, nasikia haujanyooka sawasawa. Baiskeli haikupata hata mkwaruzo.

Vittorio De Sica wa Italia alitengeneza filamu mwaka 1948, Ladri di biciclette. Mtu wa Roma anaibiwa baiskeli siku ya kwanza kazini, na bila baiskeli hana kazi. Anaitafuta mji mzima yeye na mwanawe mdogo. Mwisho, akiwa amechanganyikiwa, anaona baiskeli ya mtu iko peke yake, naye anaiiba. Umati unamkamata, wanamzaba vibao mtoto akiona. Mwenye mali anamtazama yule mtoto, kisha anasema mwacheni aende. Wengi humlilia mwizi katika filamu ile. Mimi humwonea wivu mwenye baiskeli: aliposema mwacheni, alisikika.

Mshkaji wangu mmoja, naye ni mwandishi, alinibana niliposema nilipaswa kufunga. Akasema, "Unamtwika aliyeibiwa dhambi ya mwizi. Kesho utasema mwenye nyumba ana kosa kuwa na dirisha." La hasha! Wizi wa kijana yule, kama ulikuwa wizi, ni wake. Mkono uliovunjika ni wangu, mimi na wenzangu wa pale. Hizo ni hesabu mbili, na tusizichanganye ili tupate usingizi.

Hebu tuangalie kufuli dogo linafanya nini hasa. Baiskeli iliyo wazi, mwizi anaipanda kama mwenyewe anavyoipanda. Hakuna tofauti mpaka mimi nipige kelele, na kelele hiyo ndiyo hukumu. Gurudumu likifungwa, lazima ainyanyue, atembee nayo begani kilo 20, na mtu wa kwanza kumwona atauliza: "We, unaipeleka wapi hiyo?" Swali linakuja kabla ya lile neno. Anaweza kuiweka chini akaondoka na mkono mzima. Na yule aliyekuwa na wazo tu, bila mpango, anapita zake. Siongelei mwizi wa kazi mwenye vifaa. Hata ule waya mwembamba uliovishwa plastiki, unaokunjika ukaingia mfukoni, koleo zuri linaukata, sikudanganyi. Lakini kwa dakika tatu, ukiwa karibu, unatosha.

Hapo namrudia bibi, maana uani kwake hakuna umati wa kuogopa. Kule Amsterdam mwaka 1965 vijana waliojiita Provo walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha bila kufuli, kila apendaye apande. Polisi wakazichukua: sheria ya pale ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga! Vijana wakarudi na makufuli ya nambari, na nambari zenyewe wakaziandika juu ya baiskeli. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku hizi nikifika Nshambya nafunga. Mkono umeshazoea, siwezi kuukataza. Halafu ufunguo nauweka mkekani, karibu na mguu wa bibi. Juzi aliutazama, akautazama tena.

"Sasa hapo umefunga nini?"

"Hata mimi sijui, waitu."

Akanisogezea kikapu cha kahawa za kutafuna, akaniambia nile, nipunguze maneno.