Adabu Kabla ya Juzuu

Mtoto anayeanza chuo cha Qurani Katesh au Dongobesh, mkoani Manyara, huifikia Suratul Maun mapema, maana ni fupi, aya 7 tu, na imo katika Juzuu Amma ambayo kila mwanafunzi huanza nayo. Ataihifadhi kwa mahadhi mazuri, mwalimu aridhike, mzazi afurahi. Lakini muulize sura hiyo inasema nini. Mara nyingi atanyamaza, na kosa si lake.

Sura inamtaja anayeikadhibisha dini, kisha inamweleza kwa matendo yake: ndiye anayemsukuma yatima, ndiye asiyehimiza maskini alishwe. Inawaonya wanaosali huku wameghafilika na sala zao, wanaotaka waonekane, halafu wanawanyima wenzao hata vitu vidogo vya matumizi. Wafasiri wa zamani walipoeleza vitu hivyo walitaja chungu, ndoo na shoka, yaani vile ambavyo jirani huazima asubuhi akavirudisha jioni. Mtoto wa Mbulu anavijua vyote. Ametumwa na mama yake kuomba chumvi na kaa la moto, na siku jirani alipowanyima alimwona mama yake alivyoinama. Sura nzima ni habari ya mtaani kwake, naye anaisoma kama habari ya mbali.

Pale Katesh sura hiyo ina uzito wa pekee. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, yakafunika makazi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tangu hapo neno yatima si la kitabuni tena. Yatima anakaa dawati moja na mwenzake, anachota maji kisima kimoja naye. Mwalimu anayepita juu ya aya ile ya yatima akahimiza makhraji, yaani matamshi ya herufi, peke yake amepoteza nafasi ambayo hata hotuba kumi za Ijumaa hazitaifidia. Makhraji yana haki yake, sibishani na hilo. Ninachosema ni kwamba aya ina haki nyingine pia.

Sehemu ya tatizo ni lugha. Mbulu na Hanang ni nchi ya ajabu kwa jambo hili: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kinailoti, Kirangi na Kinyiramba ni vya Kibantu, na kule Yaeda wako Wahadzabe na lugha yao yenye vidoko. Waislamu hapa ni wachache, wengi wao Warangi na familia za wafanyabiashara, lakini wamo pia Wairaqw na Wadatoga waliosilimu au walioolewa katika nyumba za Kiislamu. Mtoto wa nyumba kama hiyo anazungumza lugha ya mama jikoni, Kiswahili shuleni, na anasoma Kiarabu chuoni. Qurani yenyewe, katika Sura Ibrahim, inasema kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Kubainisha ndiyo kazi.

Wanazuoni wetu wa pwani waliliona hilo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza mwaka 1930 kutoa gazeti la Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah, akiwaandikia watu wa kawaida juu ya dini yao na mwenendo wao. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, akatufikishia Qurani Takatifu, tafsiri kamili yenye maelezo, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Hazina hiyo ipo. Ila bibi wa Basotu ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni hatafunguliwa na kitabu hicho mpaka mtu aketi naye amweleze kwa lugha yake, na mtu huyo aliye karibu kuliko wote ni mjukuu wake.

Na mjukuu akiketi hapo, atakuta bibi naye ana la kumfundisha. Mwanamke wa Kidatoga akiolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Huepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo, akatafuta mengine ya kusemea jambo lilelile, na huishi hivyo miaka na miaka. Tazama mazoezi hayo ya ulimi! Sasa mletee mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho aseme la heri au anyamaze. Hutakuwa unampandia mbegu ngeni. Wairaqw nao wana slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huiongoza na wenzake wakaiitikia, wakiomba mvua, uzazi, mifugo na amani. Kijana aliyewahi kuitikia hapo anajua tayari kusikiliza mkubwa akinena, na kuwaombea wengine kabla ya nafsi yake.

Wapo watakaosema huku ni kuchanganya dini na mila. Nawakumbusha Hilful Fudhul. Kabla ya utume, mfanyabiashara wa Yemen alidhulumiwa mali yake Makka, na koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an zikaapa kusimama na aliyedhulumiwa dhidi ya mdhalimu. Mtume alihudhuria akiwa kijana, na baadaye katika Uislamu akasema angeitwa tena kwa kiapo kama kile angeitika. Kiapo kilikuwa cha watu wasiokuwa Waislamu, na wema wake ukabaki wema.

Hata hivyo kupima kunahitajika, na hapa elimu ndiyo mizani. Slufay ya jadi huambatana na pombe. Mwislamu ataiacha pombe na kubaki na heshima. Lakini kuna jambo zito zaidi, nalo ni ukeketaji. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 uliiweka Manyara mbele ya mikoa yote: takriban wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa kuzaa wamekeketwa. Wapo wanaoliita jambo hili mila, na wapo wanaolivika joho la dini wakaliita suna. Qurani nzima haina aya inayoamuru. Hadithi zinazotajwa, wanazuoni wengi wamezikosoa kwa udhaifu, na mwaka 2006 wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, walitamka wazi kwamba tendo hilo lina madhara na likomeshwe. Msichana wa Hanang aliyefundishwa kusoma bila kuelewa ataambiwa ni dini, naye atakubali. Aliyefundishwa maana atauliza: ni aya ipi? Swali hilo yafaa walimu wa chuo wenyewe walijibu, wavulana na wasichana wakiwa wamekaa, na walijibu tena kwa Kiiraqw na Kidatoga mbele ya mama na bibi zao, kabla msimu wa kukeketa haujafika.