Mtoto Mkosaji na Haki ya Aliyekosewa

Swali huwatatiza wazazi wengi wanaolea watoto ughaibuni: askari anapomwonya tu mtoto aliyeharibu mali ya mtu, kisha akamwachia, je, huko si kumdhulumu mwenye mali?

Katika jimbo la New South Wales, ambalo mji wake mkuu ni Sydney, Sheria ya Wakosaji Vijana ya mwaka 1997 inamhusu aliyetimiza miaka 10 na hajafikia 18. Kwa kosa dogo lisilo na ukatili, askari aweza kutoa onyo la papo hapo, lisilo na adhabu wala sharti. Likizidi hapo, lipo onyo rasmi. Kisha kikao cha suluhu, ambacho aliyekosewa ana haki ya kukihudhuria. Na mwisho mahakama. Sheria yataka ichukuliwe hatua iliyo nyepesi kadiri inavyofaa. Ama makosa mazito, kama kuua, hayamo katika nafuu hiyo.

Lakini onyo rasmi na kikao vina sharti: mtoto akiri kosa mbele ya mzazi au mtu mzima mwingine anayefaa, naye ana haki ya kujulishwa kwamba aweza kupata ushauri wa mwanasheria. Hapo ndipo penye mtihani. Mzazi anayemfunza mwanawe kukana alilolitenda, kwa kuchelea aibu, humfungia mlango wa nafuu na kumzoesha uongo. Na anayemshurutisha kukiri asilolitenda, ili jambo liishe upesi, humdhulumu.

Ama jibu la swali, wanavyuoni wametenganisha dhambi na dhamana. Asiyebaleghe hajakalifishwa, basi haandikiwi dhambi. Lakini akivunja chombo cha mtu, thamani yake hulipwa kutokana na mali yake. Na aliyekwisha baleghe, hata sheria ya nchi ikimwita mtoto, mbele ya Mola wake ni mkalifu: imempasa kutubu, na toba ya haki ya mja haitimii ila kwa kuirudisha.

Kwa hiyo upole wa askari si dhuluma. Dhuluma huingia pale familia inapodhani kwamba onyo limefuta deni. Faili la polisi likifungwa, mlango wa mwenye mali bado unangoja kubishwa, na baba ndiye wa kumwongoza mwanawe mpaka hapo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.