Chachu Gani Tuitupe?

Somo: 1 Wakorintho 5:6–8, Walawi 23:15–17

Tangu Pasaka nimeulizwa swali moja katika vikundi vitatu vya maombi: aliyeokoka anaruhusiwa kula kitu chenye hamira? Wengine wameshajijibu. Ziko nyumba mahamri hayaingii tena, na boflo la dukani linatajwa kama pombe.

Hebu tusome vizuri. Kutoka 12 inatuambia Israeli walitoka Misri kwa haraka, donge halikupata muda wa kuumuka. Enzi zile hakukuwa na hamira ya pakiti. Chachu ilikuwa kipande cha donge la jana, kimewekwa ili kichachushe la leo. Kuitupa kulikuwa kuiacha Misri nyuma. Paulo alipowaandikia Wakorintho alishika mfano huo huo, na hakutuacha tubahatishe: chachu aliyoitaka itoke ni ubaya na uovu ulio ndani ya watu. Mkate wa mtu hakuugusa.

Sasa fungua Walawi 23. Ukihesabu siku 50 kutoka sikukuu ile, Mungu mwenyewe anaagiza aletewe mikate miwili iliyotiwa chachu. Siku ya 50 ndiyo Pentekoste! Sisi tunaojiita Wapentekoste, sikukuu tuliyoitiwa jina ililetewa mikate iliyoumuka. Na katika Mathayo 13:33 Yesu anaufananisha ufalme na chachu ambayo mwanamke aliichanganya na unga. Kama ingekuwa najisi, si angebaki na mfano wa haradali aliokuwa ametoka kuutoa?

Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo naangalia pia hesabu. Yuko mama kati yetu anayekaanga mahamri stejini tangu alfajiri, na karo ya watoto inatoka kwenye karai hiyo. Alikuwa akikanda kilo 4 za unga kwa siku. Siku hizi hata 2 haziishi. Waliomwacha si wapita njia, ni sisi. Na wapo waliomwendea kumwambia ati anauza dhambi. Chachu aliyoisema Paulo ndiyo hiyo, wapendwa, na imeumukia ndani ya kikundi cha maombi.

Sisi wa kaunti ya Kilifi tuna sababu ya kushtuka mapema mtu anapoanza kugeuza chakula kuwa dhambi. Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na hesabu ikapita 400, watoto wakiwamo. Watu waliamini kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Sisemi hamira ni Shakahola. Nasema tumezika vya kutosha, kwa hiyo fundisho la kukataza chakula lipimwe kwa Neno siku ile ile linapoingia.

Lakini yuko mpendwa ambaye tumbo lake halikubaliani na hamira, au daktari amemkataza. Huyo asihukumiwe wala asilazimishwe. Chakula kipo. Chapati ya kusukuma ni unga, maji, chumvi na mafuta. Chapati za maji hazingoji kuumuka. Muhogo, viazi vitamu na sima vipo. Ajihadhari na vitumbua na mkate wa sinia, manake watu hudhani mchele hauna neno, kumbe huumuliwa kwa hamira. Na kama alichokatazwa ni ngano, basi hata chapati haimfai. Hayo ni mambo mawili. Anayeacha hamira wiki ya Pasaka kwa kukumbuka safari ya Israeli, Warumi 14 inampa nafasi. Asimbebeshe jirani tu.

Jumapili hii kwenye Meza ya Bwana tutamega chapati kavu isiyo na hamira, ili hata mwenye tumbo lake asipitwe. Baada ya ibada kuna chai na mbaazi za nazi chini ya mwembe. Mahamri tumemwagiza mama yule, kilo 4. Hayatagawiwa bure, kwa hivyo kuja na chenji.