Mchoraji Aliyefundishwa na Piano

Ushauri uliomfaa kuliko wote mchoraji Romare Bearden haukuhusu rangi wala brashi. Ilikuwa miaka ya 1940, mtaani Harlem, New York, na Bearden alikuwa bado anautafuta mkono wake. Stuart Davis, mchoraji aliyemtangulia kwa umri na kwa jina, akamwambia aende akamsikilize Earl Hines akipiga piano ya jazi. Asifuate melodi peke yake. Asikilize pale Hines anapoacha. Na Hines alikuwa fundi wa kuacha. Alipiga noti mbili tatu, akanyamaza, kisha akaangukia mahali ambapo msikilizaji hakumtarajia.

Bearden alikaa na santuri za Hines, akazirudia na kuzirudia mpaka, kwa maelezo yake mwenyewe, akawa hausikii tena wimbo bali zile nafasi zilizo katikati. Kisha akarudi kwenye picha zake na swali jipya: kati ya rangi hii na ile, niache nafasi kiasi gani?

Nimesoma mahojiano mengi ya wasanii, wa kwetu na wa mbali. Swali moja halikosekani: msukumo unaupata wapi? Wengi hujibu kwa neno moja pana, maisha, na mwandishi anaridhika anahamia swali la pili. Bearden amenifanya nisiridhike na jibu hilo. Ukizifuatilia picha zake unaweza kuonyesha kwa kidole kwamba hiki kimetoka nyumbani kwa bibi yake, hiki kwa rafiki yake mgonjwa, hiki kwenye santuri. Maisha ya kila mtu ni mapana. Msanii ni yule aliyeangalia mahali fulani kwa muda mrefu kuliko wenzake.

Alizaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1911. Wazazi wake walihamia Harlem yeye akiwa bado mdogo sana, kama walivyohama watu weusi kwa maelfu kutoka majimbo ya kusini, wakiukimbia ubaguzi na ufukara wa mashamba ya pamba. Waliobebwa na treni walikuwa wengi, na treni haikutoka kwenye picha za Bearden maisha yake yote. Mbele utaona mwanamke anaoga kwenye beseni au mzee ameshika gitaa, na huko nyuma, nje ya dirisha, treni inapita na moshi wake. Siku za likizo alirudishwa kusini kwa wazee wake. Wakati mwingine alipelekwa Pittsburgh kwa bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akiwapangisha vyumba wafanyakazi wa viwanda vya chuma.

Huko Harlem mama yake, Bessye, alikuwa mwandishi wa habari, mwakilishi wa gazeti la Chicago Defender, mwanamke aliyejuana na kila mtu. Mwanamuziki Duke Ellington alikuwa mmoja wa wageni wa nyumba ile, na mshairi Langston Hughes vilevile. Mtoto aliyekulia hapo hakuhitaji kuambiwa kwamba muziki ni kazi ya watu wenye akili.

Lakini mwalimu wake wa kwanza wa kuchora hakuwa mtu mzima. Alikuwa mtoto mwenzake wa Pittsburgh, jina lake Eugene, aliyelemaa kwa polio. Bearden na wenzake walikuwa wakimwonea, bibi akatoka akawatenganisha, akamkaribisha ndani. Eugene akaanza kumfundisha Bearden kuchora. Siku moja bibi akaziona karatasi. Eugene alikuwa amechora jengo ambalo ukuta wake wa mbele umeondolewa, vyumba vyote vinaonekana, na kila chumba kina mwanamke na mwanaume. Mtu amefyatua bastola, na risasi inapenya chumba hadi chumba, mwili hadi mwili, mpaka inafika sebuleni, na hapo inageuka sarafu zinazodondoka kwenye mkoba wa mama yake Eugene. Bibi alimuuliza ameyaona wapi mambo hayo. Akajibu kwamba ni huko anakoishi na mama yake. Lilikuwa danguro.

Bibi alizichoma moto karatasi zile, kisha akaenda kumtoa mtoto kule, akaishi naye nyumbani kwake. Eugene hakuchora tena, na baada ya mwaka mmoja hivi akafariki.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nampenda bibi yule kwa kumwokoa mtoto, na naumia kwa karatasi zilizoungua. Lakini picha ile ya nyumba isiyo na ukuta haikuungua yote, kwa sababu mtoto wa pili alikuwa ameiona. Mwaka 1971, Bearden akiwa mzee wa miaka karibu 60, alitengeneza kazi yake kubwa inayoitwa The Block. Ni safu ya majengo ya Harlem kama alivyoyaona kutoka barazani ghorofani kwa rafiki yake, mwandishi Albert Murray. Kuna kanisa, kinyozi, duka la vyakula, watu wamesimama barabarani. Na kuta za majengo yale ameziondoa hapa na pale, ili tuone wanaolala, wanaokumbatiana na wanaooga. Inapoonyeshwa leo watu husema ni uvumbuzi wa msanii mkubwa. Mimi namwona mtoto mlemavu wa Pittsburgh ameshika penseli. Bearden hakumsahau: mwaka 1978 alitengeneza picha ya mazishi yake, akaiita Farewell Eugene.

Katika miaka ya 1940 studio yake ilikuwa juu ya ukumbi wa Apollo, ule ukumbi ambao mwanamuziki mweusi wa Marekani aliyetaka kuitwa mwanamuziki ilimpasa apande jukwaa lake. Fikiria mtu anachora huku chini ya sakafu yake bendi inafanya mazoezi. Mwaka 1950 akaenda Paris kwa fedha ambazo serikali ya Marekani iliwasomeshea askari waliotumikia Vita vya Pili vya Dunia, akasoma falsafa Sorbonne. Aliporudi New York uchoraji ulimkataa. Akageukia utunzi wa nyimbo, na kwa kweli hakuwa mtunzi wa kubahatisha: wimbo wa Sea Breeze, alioutunga pamoja na wenzake, ulirekodiwa na Billy Eckstine na pia na Dizzy Gillespie. Lakini moyo wake haukutulia. Aliugua, akalazwa hospitali, na mkewe Nanette, waliyeoana mwaka 1954, alikuwa miongoni mwa waliomsukuma arudi kwenye kazi aliyozaliwa nayo.

Wako wanaoihesabu miaka ile ya nyimbo kuwa imepotea. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayetunga nyimbo hujifunza kwamba kiitikio kinaporudi mara ya tatu hakiwi kilekile, kwa sababu beti mbili zimeshapita katikati. Tazama picha zake za baadaye: gitaa lilelile, jogoo yuleyule, treni ileile, mwezi uleule, vinarudi mwaka hadi mwaka na kila mara vina uzito mwingine. Nani alimfundisha hivyo kama si muziki? Aliporudi kwenye uchoraji alizikuza kwa mashine kazi za mabwana wa kale, Giotto na wenzake, akazinakili ili ajue zimejengwaje. Akajifunza pia kwa mzee mmoja Mchina, bingwa wa mwandiko na uchoraji wa kwao, aliyemfundisha kuacha pembe moja ya picha ikiwa wazi ili mtazamaji apate pa kuingilia. Unaona mambo yanavyokutana. Mpiga piano na mwandishi wa hati za Kichina, ambao hawakupata kuonana, walimwambia mtu mmoja jambo lilelile.

Mwaka 1963, mwaka wa yale maandamano makubwa ya haki za raia mjini Washington, Bearden na wachoraji wenzake weusi waliunda kundi wakaliita Spiral. Alipendekeza watengeneze kazi moja ya pamoja kwa kukata picha za magazeti na kuzibandika. Wenzake hawakuvutiwa. Akaendelea peke yake, na hapo, akiwa amevuka miaka 50, akaupata mkono aliokuwa akiutafuta tangu ujana. Kazi hizo alizionyesha mwaka 1964, na tangu hapo jina lake halikuwa lilelile.

Ukitaka kumwelewa, tazama uso mmoja tu. Jicho la kushoto limekatwa kwenye picha ya mtu mzima, la kulia ni kubwa zaidi na limetoka kwa mtu mwingine kabisa. Pua na kipaji cha uso ni vya kinyago cha Afrika Magharibi. Mdomo ni wa mwanamke fulani wa kwenye jarida. Mkono ulioshika gitaa ni mkubwa mno kuliko kichwa, kwa sababu mkono ndio unaofanya kazi. Vipande hivi vimekaa pembeni kwa pembeni bila kufichwa mishono, wakati mwingine na karatasi ya rangi moja tu katikati yao, buluu au kijivu, isiyoonyesha chochote. Hapo ndipo Hines ananyamaza. Ukiziba pale kwa mapambo, uso wote unakufa.

Sisi tuliolelewa na redio tunaijua nguvu hiyo. Mbaraka Mwinshehe aliposhika gitaa la solo na Morogoro Jazz, utamu haukuwa katika wingi wa noti peke yake. Ulikuwa pia pale alipolitua gitaa akaiachia bendi, halafu akaingia tena.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili na anachora vizuri sana. Huchora amevaa spika za masikioni, mara singeli, mara taarabu ya zamani anayoikuta kwenye simu ya bibi yake. Mama yake hapendi.

"Achague moja," ananiambia. "Kuchora au muziki."

"Dada, mwache. Pengine ndiyo kazi yenyewe hiyo."

"Wewe mjomba mtu ndiye unayemharibu."

Namheshimu dada yangu na najua hofu yake. Mtoto anayechora ataishi kwa nini? Ni swali la haki, na Bearden alilijibu kwa jasho. Kwa miaka mingi alikuwa ofisa ustawi wa jamii wa jiji la New York, akitembelea familia zenye shida mchana na kushika mkasi usiku, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo akaweza kuishi kwa sanaa. Hata jina lilipokuwa kubwa hakuanza kuvaa kama bwana mkubwa. Picha za uzeeni zinamwonyesha na kofia na ovaroli kama fundi yeyote, amekaa katikati ya vipande vya karatasi. Naona heshima kubwa katika mavazi yale. Yanasema kazi ni kazi.

Alichokitoa kwenye muziki alikirudisha. Mwaka 1975 alitengeneza mfululizo mzima wa picha za muziki wa bluzi, na mwaka mmoja kabla alikuwa amemtengeneza Bessie Smith akiimba mbele ya bendi yake, picha yenye jina la Empress of the Blues. Mpiga tarumbeta Wynton Marsalis alipotoa albamu ya J Mood mwaka 1986, jalada lake lilikuwa kazi ya Bearden. Mwandishi wa tamthilia August Wilson alikutana na picha hizi kitabuni akakuta humo watu wake aliokuwa anawatafuta. Tamthilia yake ya The Piano Lesson, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1990, imechukua jina la picha ya Bearden. Wilson aliwahi kufika mpaka mlangoni kwa mzee huyo, barabara ya Canal, akasimama, na hakubisha hodi. Hawakuonana mpaka Bearden alipofariki, Machi 1988.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazazi na walimu wenye watoto wanaochora. Msianze na duka la rangi, maana bei yake inawakatisha wengi tamaa. Tafuteni mkasi, gundi, masalio ya hadibodi kwa seremala, lundo la magazeti yaliyokwisha kusomwa, na redio iwe imewashwa. Msimchagulie mtoto stesheni. Mkikuta amechora jambo linalowatisha, muulizeni ameliona wapi, mkafanye kinachopaswa kufanywa, lakini karatasi yake msiichome. Na akitaka kuukata ukurasa huu wa gazeti apate jicho au mkono wa kubandika mahali, mpeni aukate.