Je, kupanda maua ugenini ni kusahau kwetu?



Wengine huuliza: kwa nini tupande bogenvilia, ule mti wa miiba wenye rangi nyekundu na zambarau, kwenye ardhi isiyo yetu? Mihogo ipate nafasi kwanza, hilo ni kweli. Lakini bogenvilia hutosheka kando ya mlango. Nao ni mgeni Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Tawi lililokatwa, likichomekwa udongoni, hutoa mizizi, na penye jua kali huchanua sana.

Katika barua moja (Yeremia 29) nabii aliwaambia mateka wa Babeli wapande bustani, tena akawaahidi kurudi baada ya miaka 70. Basi kupanda na kutumaini kurudi havipingani. Tukiondoka, watakaobaki watayafurahia maua. Tupande.