Kabla ya Kumwombea Mwenzako

Desemba 4, 1857, David Livingstone alisimama mbele ya wasomi na wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, akawaachia kazi ya kuiendeleza njia aliyoifungua Afrika. Mwito huo ulizaa UMCA, misheni iliyobeba jina la vyuo vikuu, ambayo baadaye ilifika Ziwa Nyasa. Padri William Percival Johnson, msomi wa Oxford, aliwasili Zanzibar mwaka 1876. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia ziwani, akienda kwa boti na kwa miguu huku macho yakimsumbua, hadi alipofia Liuli, mwambaoni mwa ziwa hilo, Oktoba 1928. 

Siku hizi safari imegeuka. Vijana wa mwambao huo wanapanda basi kupitia Mbinga na Songea kwenda vyuo vya Dodoma na Dar es Salaam, na huko wanawakuta wenzao wa vikundi vya wanafunzi Wakristo: USCF, TAFES au CASFETA. Jioni, penye vimbweta au mlangoni mwa chumba cha bweni, mwanachama anamsogelea mwenzake: “Bwana Yesu asifiwe. Tukuombee nini?”

Swali hilo linastahili kutafakariwa kuliko inavyodhaniwa. Ni nini kinachompa mtu haki ya kumpelekea Mungu shida za mwingine?

Wapo wanaojibu kwamba haki haihitajiki: maombi hayamgharimu anayeombewa, basi ubaya uko wapi? Jibu hilo ni jepesi mno. Anayemwambia mwenzake “tunakuombea ubadilike” ameshampima na kumwona ana upungufu. Mwanafunzi Mwislamu, au Mkristo wa dhehebu jingine, anaposikia hivyo amehukumiwa kabla hajasema neno.

Marekani, mwaka 2006, yalichapishwa matokeo ya utafiti wa maombi juu ya wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Asilimia 59 ya waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo. Walioombewa bila kuwa na uhakika, asilimia 52. Namba hizo hazimpimi Mungu, na anayezitumia kufunga mjadala wa imani anazibebesha mzigo usio wao. Kinachogusa zaidi ni utaratibu wenyewe: waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya ukoo wake. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa anataka nini.

Uamsho wa Afrika Mashariki nao unafundisha kitu hapa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 wa uamsho huo, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa walipokataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Ujasiri wao unastahili heshima, na nguvu yao ilitokana na kuungama dhambi zao wenyewe hadharani. Lakini pia waliwatazama walimu wao kama watu wasiookoka, na hapo ndipo mgogoro ulipokomaa. Bidii ileile iliyowafanya wanyenyekevu mbele za Mungu iliwapandisha juu ya jirani zao.

Hapo ndipo “tukuombee nini?” inapoizidi “tunakuombea”. Anayeuliza anamwachia mwenzake nafasi ya kuitaja haja yake mwenyewe, au kukataa. Na haja zikitajwa huwa na sura ya chuo: bumu la mkopo limechelewa, mtu anaogopa kudisko kwa kufeli, nyumbani kuna msiba na nauli ya kwenda Ruvuma haipo. Jibu la namna hiyo linamfunga aliyeuliza. Hawezi tena kufumba macho, kusema amina na kuondoka, kwa sababu sasa anajua kwamba aliye mbele yake hajala. Maombi ya kweli huanza pale anayeomba anapokubali kubanwa na alichosikia.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa imani na uchaguzi wake katika dini. Uhuru huo unamlinda anayetaka kuomba, na unamlinda vilevile anayesema “hapana, asante”.

Ndugu mwanafunzi unayeanza mwaka huu: uliza, kisha nyamaza usikilize. Mwenzako akikataa, usimwombee kwa jina lake mbele ya kundi. Endelea kumwazima daftari lako na kula naye meza moja.